Watu wa Vikombe

Nilipoolewa na Elisha, mama mkwe alinipa kikombe. Kimoja tu, cha bati cheupe, mkono wake wa kushikia umezungushiwa uzi mwekundu. Aliniambia nikienda harusini, msibani au kwenye chai ya kanisani, nisinywe kwa kingine, na chakula cha watu nisikiguse mpaka nirudi kwangu. Niliuliza sababu. Akasema nimeingia kwenye ukoo unaowindwa.

Hapa kijijini kwetu, upande wa Mkalama, wakatuita watu wa vikombe. Kwenye umoja wa wanawake wakituona tunafungua mikoba walikuwa wanatania, "Haya, wenye vyombo wamefika, sisi wengine tunywe kwa viganja." Tulicheka nao, tukanywa chai kwa vikombe vyetu.

Sababu yenyewe niliijua polepole. Baba mkwe nilikuta ameshakufa. Alikuwa mtu wa kuinua gunia la mtama bila kusaidiwa, halafu akaanza kushiba kwa tonge moja, akakonda, akawa anatapika mpaka akaisha. Miezi ile alikuwa anakula kwa mke wake mdogo, jina lake Febronia. Ukoo ukakaa kikao, ukasema mzee amelishwa sumu. Chediel, kaka yake Elisha, alikuwa bado mtoto, ila alikuwa anashinda kwa Febronia kwa kumpenda. Wazee wakamweka katikati wakamuuliza ameona nini. Akasema alimwona mama mdogo akifungua fundo la khanga na kutia unga mweupe kwenye chungu. Febronia alifukuzwa siku ileile, akarudi kwao Kinyangiri. Tangu hapo watu wa ukoo hawakula cha mtu.

Lakini waliendelea kufa. Wifi yangu Evodia alikufa kwa saratani ya ziwa akiwa bado mama wa watoto wadogo. Halafu Elisha wangu. Naye alianza kushiba kwa tonge moja. Nikamsindikiza hospitali, kamera ikaingia tumboni, wakasema kuta ni safi, vidonda vidogo tu. Tulifurahi tukarudi kulima alizeti. Aliporudishwa baadaye, tumbo lilikuwa limekakamaa kama ngozi ya ngoma na hapakuwa na la kufanya. Msibani watu wa ukoo walisema mkono wa Febronia unatufikia hata akiwa Kinyangiri. Mimi nililia, nikazika, nikamwachia Mungu.

Ndipo binti yangu Raheli akaanza kulalamika tumbo.

Raheli ni mama wa watoto wawili, mcheshi, mwenye kula vizuri. Aliponiambia chakula kinamkaa juu ya kifua, nilimkumbuka baba yake. Nilikwenda chumbani nikapiga magoti, na niliposimama nilikuwa nimeshaamua. Tulipanda basi mpaka hospitali kubwa Dodoma. Daktari aliyetupokea anaitwa Ritha, mwanamke wa Ikungi, amekulia kwenye mifugo. Alipitisha kamera, akanyofoa vipande vidogo vikapimwe. Majibu yalirudi safi. Raheli akaanza kufunga mkoba.

Mimi sikusimama. Nikamwambia, "Baba yako naye waliona safi."

Daktari Ritha akaweka kalamu chini. Akaniomba nimweleze ukoo mzima, aliyekufa na anayeumwa. Nikaeleza. Alipouliza kama kuna mwanamke aliyeumwa ziwa nikashangaa, maana Evodia sisi hatukuwahi kumhesabu na wale wa tumbo. Nilipofika kwenye habari za Chediel, kwamba sasa hivi amelala kwake na hamezi ugali, daktari aliichukua tena kalamu.

Kisha akatufundisha. Alisema saratani nyingi za tumbo si za kurithi, tusije tukawatisha watu, ila kuna chache zinazotembea na ukoo. Mwili wa mtu, alisema, umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwenye ukuta wa tumbo seli hizo zimeshikana kama miti ya ua iliyofungwa kamba. Ndani ya kila seli kuna maagizo tuliyorithi kwa baba na mama, ndiyo wanayoita jeni. Iko jeni ambayo kazi yake ni kutengeneza ile kamba. Kila mtu anazo nakala mbili. Aliyezaliwa na nakala moja mbovu anaishi tu kwa ile nyingine, analima, anazaa. Siku ile nakala ya pili ikiharibika ndani ya seli moja, kamba inaachia.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu seli zinaachana, mama. Zinapenya chini, ndani ya ukuta wa tumbo, moja moja. Hazikai pamoja zikafanya uvimbe. Kamera inapita juu na kuona ukuta mzuri."

Nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Mwizi akivunja ua wa mbuzi utaona palipovunjwa. Ila kamba zikioza, mbuzi wanatoka mmoja mmoja, asubuhi unakuta ua umesimama na zizi ni tupu. Miaka yote ile tulilinda mlango wa kinywa, na kitu kilikuwa ndani tangu tumbo la mama.

Nikamwambia basi ampime Raheli damu. Akasema atampima, lakini kuna shida. Wakitafuta kwenye damu ya Raheli peke yake wasione kitu, hawatajua kama ni mzima au wametafuta mahali pasipo penyewe. Kwanza inatakiwa damu ya mtu wa ukoo huo ambaye tayari anaumwa. Wakikuta kosa kwake, wanajua mahali pa kuangalia kwa Raheli, na jibu linakuwa jibu. Elisha amezikwa, Evodia amezikwa. Amebaki Chediel.

"Na hatuchukui damu ya mtu asiyetaka," daktari akasema. "Akubali mwenyewe, akiwa na akili zake. Na kwa ulivyonieleza, msikawie."

Njia nzima ya kurudi sikuomba muujiza. Niliomba ulimi.

Nilimkuta Chediel amelala kwenye mkeka nje ya nyumba, anaota jua la asubuhi, na vichwa vya alizeti vimeanikwa pembeni yake. Mashavu yalikuwa yameingia. Pembeni kulikuwa na chupa ya dawa ya mizizi, ya kutapisha sumu. Aliponiona akajilazimisha kucheka.

"Karibu, shemeji. Umekuja kunipima urefu? Mwambie fundi mbao afupishe, nimepungua."

Nikamsalimia, nikakaa, nikamweleza yote, ua na kamba na mbuzi. Alisikiliza mpaka mwisho, maana si mtu mjinga. Halafu akasema hapana. Nikamwambia ni damu kidogo tu ya mkononi, na atapewa hata dawa ya maumivu. Akasema sindano haimwogopeshi.

"Unajua unachosema, shemeji? Unasema ni baba aliyetupa. Unasema hatukulishwa."

"Nasema tumpime."

"Ni kitu hichohicho."

Akageukia ukutani. Nilirudi kesho yake na keshokutwa yake. Nilimpelekea uji uliochujwa, nikamfulia, nikasali naye, na kila nilipomaliza kusali nilimwomba damu. Alikuwa ananiambia mimi ni kama kupe. Nikamjibu kupe naye anataka damu, tofauti yangu naomba kwanza. Alicheka mpaka akashika tumbo, na bado akakataa. Raheli naye alikuja, akampigia magoti, akamwita baba mkubwa. Chediel alitoa machozi, akasema anampenda kama mwanawe, akakataa.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Niliona kwamba kila nilipotaja damu, macho yake hayakwenda kwenye tumbo lake wala kwa Raheli. Yalikwenda kwenye kikombe chake cha uzi mwekundu, kilichokaa kichwani pa mkeka. Nikajua haogopi hospitali, anaogopa kilichoko nyuma yake. Kama hakuna aliyelishwa, basi mtoto aliyesimama katikati ya wazee alimfukuza mtu asiye na kosa, na mtoto huyo ni yeye.

Siku moja alichoka nami kweli. Akasema kwa hasira, "Yule mwanamke aje asimame hapa mbele yangu, aniambie machoni kwamba hakumlisha baba. Akifanya hivyo chukueni damu ndoo nzima. Lakini hatakuja."

Alisema vile ili niondoke. Mimi nikalishika neno lake kama lilivyo.

Kinyangiri sikuwahi kukanyaga kwa sababu ya huyo Febronia. Niliposhuka nikauliza kwa bibi Febronia, wakanielekeza nyumba ya mwisho, yenye ua wa mbuzi uliofungwa vizuri. Nilimkuta anachambua choroko kwenye ungo. Ni mzee sasa, lakini mgongo umenyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa kwa nani wewe?"

"Wa kwa Elisha. Marehemu."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Hakunifukuza, wala hakunikaribisha. Baadaye aliingia ndani, akatoka na maji kwenye kata ya kibuyu, akaninyooshea. Nikajua hapo ananipima. Kikombe changu kilikuwa ndani ya mkoba, begani. Tangu niolewe sikuwa nimenywa kwa chombo cha mtu wa nje, na huyu ndiye hasa niliyeonywa. Nikamtaja Mungu moyoni, nikanywa maji yote, nikamrudishia kata.

Akaiangalia kata ilivyo tupu. Akavuta kigoda, akaniambia nikae.

Nilimweleza. Aliniuliza maswali machache, ya akili. Alitaka kujua kama ugonjwa huo wa kamba unaweza kumkuta mtu kabla hajaoa. Nikasema anazaliwa na nakala mbovu. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyebeba mzigo miaka yote na sasa ndiyo anasoma maandishi juu ya gunia.

Nilipomwomba aende kwa Chediel akakataa. Alisema waliomfukuza walimtupia sufuria zake barabarani na watoto wakaimba nyuma yake, na Chediel alikuwa anaangalia. "Sitakwenda kule kuomba msamaha."

"Sijaja kukuitia msamaha, mama. Nakuita useme ulichokuwa unapika."

"Nilikisema wakati ule."

"Wakati ule hapakuwa na anayeumwa ambaye anaweza kupona. Sasa yupo. Ni binti yangu."

Alichambua choroko muda mrefu, anatupa mawe, anabakiza zilizo nzima. Mwisho akasema, "Huyo binti hajanikosea kitu." Akaingia ndani kubadilisha nguo.

Tulifika kwa Chediel alasiri. Jirani waliokuwa wanapiga alizeti waliacha fimbo hewani. Chediel alipomwona alijaribu kuinuka, akashindwa, nikamwekea gunia mgongoni. Febronia alisimama mbele yake kama alivyotaka yeye.

"Umekonda kama baba yako," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Chediel hakumsalimia. Macho yake yalikuwa kama ya mtoto. Febronia akamuuliza, "Uliwaambia wazee uliona nini?"

"Unga mweupe. Ulifungua fundo la khanga, ukatia kwenye chungu."

"Ulikuwa unga gani?"

Chediel akavuta shuka mpaka kifuani.

"Yalikuwa magadi," Febronia akasema. "Magadi ya mlenda, kama ya kila nyumba hapa. Niliyafunga kwenye khanga kwa sababu nikiyaacha kibuyuni mama yako alikuwa anayamwaga. Tulikuwa wake wenza, tulifanyiana hayo. Sasa uniambie. Mlenda ule alikula nani?"

"Baba."

"Na nani mwingine?"

Upepo ulikuwa unapeperusha makapi ya alizeti. Chediel aliangalia miguu yake.

"Chungu kile baada ya kula," Febronia akaendelea, sasa polepole, "nani alikuwa anapewa akombe? Ukoko wa ugali nani alikuwa anawekewa pembeni, na nikichelewa ananuna?"

Hata waliokuwa wanapiga alizeti walikuwa wametega sikio.

"Mimi," Chediel akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku, mama mdogo."

Alijifunika shuka usoni. Mabega yalikuwa yanatikisika. Febronia hakumgusa, na hakuondoka. Alikaa chini kwenye ukingo wa mkeka, akanyoosha miguu yake iliyochoka na safari. Hakuna aliyemwomba mwenzake kitu. Ndipo sauti ikatoka chini ya shuka.

"Shemeji. Mpigie huyo daktari."

Kisha akaomba maji. Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha uzi mwekundu, akakisogeza kando. Febronia akaelewa. Akatoa kata kwenye kikapu chake, akamshika kichwa, akamnywesha kidogo kidogo, kama anavyonyweshwa mtu ambaye tumbo lake limefunga.

Daktari Ritha alituma wenzake mpaka kituo cha afya. Chediel alipelekwa kwa gari la kubebea alizeti, amelazwa juu ya magodoro. Walimweleza tena damu inakwenda wapi na inatafutwa nini, wakamuuliza kama anakubali. Akasema, "Nimekubali. Na mkikuta kitu waambieni watoto wangu wote, msifiche." Walimpa dawa za maumivu, zikamsaidia. Siku zake za mwisho alilala usingizi.

Jibu halikumkuta hai. Tulimzika pembeni ya Elisha. Febronia alikaa ndani na wafiwa, mahali pa mama, na hakuna aliyethubutu kumwondoa, maana mimi nilikaa karibu naye. Chai ilipopita, watu wa ukoo waliniangalia. Nilichukua kikombe cha kwanza kilichofika, cha plastiki, sijui cha nani, nikanywa. Wengine walifungua mikoba yao. Wengine hawakufungua.

Damu ya Chediel ilionyesha kosa mahali pamoja, kwenye jeni ileile ya kamba. Sasa walijua pa kuangalia. Wakaangalia kwa Raheli, nalo lilikuwa pale. Watoto wa Chediel walipimwa, wengine wanalo, wengine hawana, na huwezi kujua kwa sura wala kwa tabia. Watoto wa Raheli watapimwa wakiwa wakubwa, kwa hiari yao.

Daktari alimwekea Raheli njia mbili. Kupitisha kamera kila mwaka na kunyofoa vipande vingi, huku wakijua inaweza kudanganya. Au kuondoa tumbo lote kabla halijamgeuka, chakula kiunganishwe moja kwa moja na utumbo. Kwa upande wa maziwa, kwa kuwa jeni hiyohiyo huleta na saratani ya ziwa kama ya Evodia, atakuwa anaangaliwa maisha yake yote. Raheli alicheka kwa hofu.

"Nikatwe tumbo zima, mama, na wewe mwenyewe umesikia kamera inasema sina kitu?"

Nilitamani kumwamulia. Nilijizuia. Nilimwambia maisha ni yake na watoto ni wake, ila asiamue kwa kutazama ukuta unaoonekana safi. Alikaa na hilo neno. Alizungumza na mumewe, alizungumza na mchungaji, akaenda Kinyangiri peke yake akazungumza na Febronia, na hayo ya Kinyangiri hakunisimulia. Aliporudi akasema, "Waliondoe."

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la nje na Febronia. Alikuwa anasokota kamba ya katani kwa vidole, kwa mazoea tu, anaikunja na kuikunjua. Baada ya siku kadhaa Daktari Ritha alikuja wodini kutuambia kwamba lile tumbo wamelikata vipande wakalipima lote. Kwenye ukuta ule uliokuwa safi kwa kamera walikuta seli zimeshaanza kuachana, sehemu zaidi ya moja, ndogo sana, hazijapenya kina. Hazikuwa zimetoka nje ya tumbo.

Raheli alimsikiliza, akafumba macho. Mimi nilishika chuma cha kitanda mpaka nikahisi vidole vimekufa ganzi. Shukrani niliitoa baadaye, nikiwa peke yangu, kwa sauti yangu yote.

Sasa anaishi. Si rahisi, sitasema ni rahisi. Anakula kidogo na anakula mara nyingi, akizidisha kidogo anatoka jasho na kulala chini. Anachomwa sindano za vitamini. Amepungua, lakini sauti yake imerudi na utani wake pia. Akitusikia tunalalamika njaa anasema sisi wenye matumbo tuna shida sana.

Febronia amehamia kwangu kwa muda, anampikia Raheli ninayemuuguza hapa. Anachuja uji wa mtama kwa kitambaa, anausubiri upoe. Mwanzoni tulikuwa tunabahatisha kipimo, mara unazidi, mara haumtoshi. Siku moja Febronia alifungua kabati akatafuta chombo cha kupimia, akatoka na kile kikombe changu cha bati. Akanitazama kama anaomba ruhusa. Nikamwambia atumie.

Akajaza nusu, chini kidogo ya pale mkono unapoanza. Raheli akanywa, akangoja. Hakutoka jasho.

"Hapo hapo," akasema. "Kesho mnipimie hivyo hivyo."

Febronia akakiosha, akakifunika juu ya sufuria ya uji, tayari kwa mlo unaofuata.